Bomba la Kushoto

Sili nimebadilisha mara tatu.
Chumbageni mara mbili, Muheza mara moja,
kwa kijana wa bodaboda aliyenicheka:
"Mzee, hili dubwasha bado linaishi?"
Na kila mara, wiki haiishi,
shokapu ya kushoto inaanza kulia,
oili inateremka hadi kwenye ekseli,
vumbi la Pongwe linaganda juu yake kama ukoko.

Ndipo nikaletwa Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
kwa Fundi Mwantumu binti Shemdoe.

Hakugusa spana.
Alibana breki ya mbele, akailalia Honda kwa uzito wake wote.
Ikashuka. Ikasita.
Ikapanda kama mtu anayeinuka kwenye sijida
na goti linamuuma.
"Umesikia?"
Sikusikia kitu.
"Basi ndiyo hivyo. Ingekuwa nzima ungesikia inapumua."

Akaweka kreti la soda chini ya injini,
gurudumu likaning'inia.
Kidole kimoja kwenye usukani: kulia, kushoto,
laini, haushiki popote.
"Goroli hazina kosa."
Akashika miguu ya shokapu kwa chini,
akavuta, akasukuma, akisikiliza kama mtu
anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.
"Bushi hazina kosa."
Alikuwa anawaachia watuhumiwa mmoja mmoja,
na mimi kwenye benchi nikaanza kuona joto.

Oili ilitoka ya kijivu, ikajaa nusu mkebe wa Blue Band,
ikinuka samaki wa juzi,
na ndani yake vimetameta vya chuma.
Akachomoa bomba. Akalifuta kwa kipande cha kanga
kilichobaki na neno moja tu la jina: *subira*.
Akapitisha ukucha juu ya kromu, toka juu hadi chini,
ukucha haukukwama.
Akalilaza kwenye kioo kilichotolewa kabatini,
akalibiringisha kwa kiganja.

Likachechemea.

Mwanga wa mlangoni ukapita chini yake,
mwembamba, unene wa kucha,
ukapotea, ukarudi, ukapotea.
"Sili haina dhambi," akasema.
"Utabadilisha hata mia. Hili limegonga kitu.
Na si jana."

Mwaka wa sukari ya foleni. Nina miaka kumi na sita.
Mjomba Sekiete, karani wa mkonge Ngomeni, amelala.
Nikaisukuma bila kuiwasha hadi mwisho wa mtaa,
niende Mabawa, Semeni aone kwamba najua kuendesha.
Hakuona.
Reli ilikata barabara kwa mshazari, nami niliingia mzimamzima.
Nikakaa chini gizani, gurudumu katikati ya magoti,
nikanyoosha usukani kwa macho tu.
Nikaosha tope. Adhana ya alfajiri ilinikuta kitandani,
viatu miguuni.

Miaka kumi na tisa baada ya hapo
Mjomba alisema: "Inanivuta kushoto."
Akaulaumu mkono wake.
"Mkono huu umezeeka kabla yangu."
Kila usiku akaukanda kwa mafuta ya nyonyo.
Si yeye. Mimi.
Mimi ndiye niliyemkanda,
kifundo hiki hapa, kizima kabisa,
naye ananiombea dua.

"Linanyooka?"
"Halina mkunjo. Linanyooka, kwa mashine, polepole.
Atakayekuletea nyundo mfukuze.
Kromu ikipasuka nisilaumiwe."
Akaniangalia.
"Mficha maradhi..." akaanza, hakuimalizia,
akatafuta chaki.
"Iligonga nini?"

Nje kulikuwa na mtu anauza kashata.
Nilimsubiri apite.

"Reli," nikasema.

Akaandika juu ya bomba, herufi kubwa,
KUSHOTO. RELI.
Kisha akaomba hela ya oili.